Mkalimani wa Kinanda

Kwa miaka ishirini na sita mtu huyu aliishi kwa kusema maneno ya watu wengine. Alikuwa mkalimani wa mahakama. Kazi yake ilikuwa kusimama hatua moja kutoka kizimbani, mikono nyuma, na kuigeuza lugha moja kuwa nyingine bila kuongeza wala kupunguza. Mshtakiwa akisema "mimi niliiba", naye alisema "mimi niliiba", kwa sauti ile ile, na kwa kigugumizi kile kile kama kilikuwepo. Kwa njia hiyo alikuwa amekiri wizi wa ng'ombe mara zisizohesabika, ameoa wake wawili kwa siri, amezaliwa katika miaka tisa tofauti, na siku moja, kwa niaba ya shahidi mbishi aliyekuwa ameandikwa marehemu katika hati ya shamba, alikuwa amekufa na kufufuka kabla ya mapumziko ya chai.

Jioni alirudi nyumbani hana la kusema. Mke wake, mshonaji wa sare za shule, alikuwa amezoea. "Hapa nyumbani mkalimani ni mimi," aliwaambia wageni. "Akikohoa mara moja anataka maji. Akikohoa mara mbili anataka mwondoke."

Basi ndivyo alivyokuwa hadi siku alipopewa deki.

Aliyempa alikuwa jaji mmoja aliyestaafu na kuhamia nyumba ndogo. Amplifaya na spika zilichukuliwa na mtoto wa jaji, na deki ikabaki sakafuni peke yake, waya wake umekunjwa mgongoni. Ilikuwa deki ya CD ya zamani, ya wakati ule watengenezaji walipoamini kwamba CD zitadumu milele, wakaona wazijengee nyumba ya milele. Ilikuwa na uzito wa kilo kumi na tisa. Mkalimani alijua kwa sababu aliipitisha kwenye mizani ya vielelezo vya mahakama kabla ya kuibeba, na karani wa vielelezo, kwa mazoea, nusura aibandike namba ya kesi.

Uso wa deki ulikuwa bamba la alumini nene kama kidole gumba, lililosuguliwa hadi likapata mng'ao wa kimya, rangi yake kati ya dhahabu na mchanga mkavu. Ubavuni ilivaa mbao mbili nyeusi zilizopakwa vanishi hadi mtu angeweza kujitazama na kurekebisha kola. Ukichungulia kwenye matundu ya juu uliona transfoma mbili, kila moja ndani ya kopo lake la shaba: moja ya kulisha mota inayozungusha kisahani, nyingine ya kulisha sauti, zisije zikagombania umeme. Ukibonyeza kitufe, trei ilitoka polepole bila kelele, kama mtu anayemtolea daktari ulimi. Na kwenye kioo cheusi ziliwaka tarakimu za samawati: namba ya wimbo, dakika, sekunde, na kando yake tarakimu moja ndogo ambayo deki za kawaida hazina, ya kuonyesha sehemu ndani ya wimbo wenyewe. Chini ya hizo ilijipanga miraba ishirini yenye namba, na kila wimbo ulipokwisha, namba yake ilizimika. Rimoti ilikuwa ya chuma. Mke wake aliipokea kwa mikono miwili, akaipeleka moja kwa moja kwenye meza ya kukatia, ikawa ndiyo ya kuzuia kitambaa kisiteleze.

Kwa wiki tatu deki haikutoa hata mlio. Ikabidi aitwe jirani yao, fundi wa redio ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Waya. Fundi Waya aliilaza deki chali juu ya blanketi, akapapasa tumbo lake, akaangua kicheko.

"Bwana, mmemfunga mtu pingu halafu mnataka aimbe!"

Chini kulikuwa na skrubu mbili nyekundu. Jicho linalosoma CD lilining'inia juu ya springi ndani ya deki, lisitikiswe na nyayo za watu, na skrubu hizo zilikuwa za kulikaza wakati wa safari tu. Jaji alizikaza, akasahau kusema. Fundi Waya alizifungua, akazifunga kwenye karatasi, akamkabidhi mwenye mali. Kisahani kikaanza kuzunguka.

Ndani mlikuwa na kisahani kimoja, hakina jalada wala maandishi. Kinanda peke yake, nyimbo kumi na nne. Na kwa kuwa hapakuwa na amplifaya wala spika, sauti ilikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea: tundu la hedifoni pale mbele, kubwa kama la ufunguo wa ghala, lenye kirungu chake cha kuongezea sauti. Hedifoni ilikuwa moja. Kwa hiyo Jumapili ile ya kwanza, saa tisa alasiri, mkalimani alikaa kwenye stuli mbele ya deki, mkewe upande huu, mama mkwe wake upande ule, wakamtazama usoni.

"Kuna nini?" akauliza mke.

"Kinanda."

"Kinafanyaje?"

"Kinapanda," alisema mkalimani, amefumba macho. "Sasa kinashuka. Kimesimama. Kimepanda tena."

"Hiyo ni lifti," akasema mama mkwe. "Mimi nauliza kinasema nini."

Huyu mama mkwe alikuwa mwalimu mstaafu wa imla. Miaka thelathini na moja alisimama mbele ya watoto na kuwasomea sentensi polepole, kisha akasahihisha walichoandika, na mpaka leo alikuwa na sikio lililoweza kunasa neno moja lililorukwa katika hotuba ya nusu saa. Alipouliza swali alitaka jibu, na aliuliza mara moja.

Mkalimani alijikuta pabaya. Mahakamani, shahidi akizungumza dakika nne, mkalimani hawezi kugeuka na kusema, "Mheshimiwa, hakusema kitu." Hakimu atamtazama juu ya miwani. Mtu aliyezungumza dakika nne amesema kitu, na asiyekijua ni mkalimani mbaya. Akarudisha wimbo mwanzo, akasikiliza tena. Mkono wa kushoto wa mpigaji ulikuwa mzito, na haukuwa na haraka. Mkono wa kulia ulikuwa mwepesi, ulijibu kabla ya kuulizwa. Na bila kukusudia, kwa mdomo uliozoea kupokea na kupitisha, akasema:

"Mimi ndiye mkubwa katika nyumba hii, na ngazi hii niliifagia kabla wewe hujazaliwa."

Mke wake aliweka sindano chini.

"Nani huyo?" akanong'ona.

"Mkono wa kushoto," alisema mkalimani.

"Na wa kulia umejibu nini?"

"Umesema: ulifagia, ndiyo, lakini aliyekuwa akiipanda na vumbi miguuni ni nani?"

"Haa!" mama mkwe akapiga paja. "Huyo mdogo ana mdomo!"

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na ilikwenda hivyo miaka kumi na moja. Kila Jumapili saa tisa alasiri, kinanda kilitoa ushahidi. Nyimbo kumi na nne zilikuwa habari ya dada wawili waliogombea nyumba yenye ngazi. Mkalimani hakubadilisha neno. Hakuhitaji kujilazimisha, yale maneno yalikuwa yamekaa mle ndani, kila moja na sekunde yake, na tarakimu ndogo pale kwenye kioo ilimwonyesha mahali kama namba za aya katika mwenendo wa kesi. Wimbo wa pili, sehemu ya kwanza: mdogo anaficha ufunguo. Wimbo wa tisa, sehemu ya nne: mkubwa anasahau kwa nini amekasirika, anakasirika hivyo hivyo. Mama mkwe alizijua kwa namba. Mke akichoka kushona alimwambia mumewe, "Niwekee tano, pale anapomcheka."

Lakini wimbo wa sita ulikuwa na uzito wake. Katika sehemu ya tatu mikono yote miwili ilishuka pamoja, polepole, hadi chini kabisa, na kule chini mkono wa kulia ulisema: "Dada, nimekuja. Sina hoja. Nimechoka kuwa na haki peke yangu."

Siku aliposikia maneno hayo kwa mara ya kwanza, mama mkwe hakupiga paja. Alikuwa na mdogo wake wa tumbo moja ambaye walikuwa hawajasemeshana miaka kumi na tisa kwa sababu ya cherehani moja ya mguu iliyoachwa na mama yao. Asubuhi yake alivaa viatu vyake vya kutokea, akaenda. Alirudi jioni macho mekundu, ameshika mfuko wa limau alizopewa. Tangu hapo mdogo wake alikuja kila Jumatano, wakagombana kwa furaha mpaka jua likawa limeshuka.

Mkalimani aliona hayo yote, na usingizi wake ukaanza kuwa mwepesi. Alikuwa amekula kiapo siku ya kuanza kazi, mkono juu: sitaongeza, sitapunguza. Mahakamani hakuwahi kukivunja. Nyumbani kwake, juu ya stuli, alikuwa ametia chumvi kilo kumi na tisa.

Ndipo Fundi Waya alipokuja siku moja, anatabasamu mpaka masikioni. Mteja wake mmoja alikuwa amehama na kumwachia amplifaya na spika mbili ndefu.

"Jumapili nakuja nazo," alimwambia mke wa mkalimani. "Hii deki nyuma ina matundu mawili ya dhahabu hayajawahi kuguswa. Ni dhambi. Sasa wote mtasikia wenyewe, na huyu bwana apumzike."

"Jamani!" mke alishika mashavu. "Mama! Tutawasikia wale dada kwa masikio yetu!"

Mkalimani alikohoa mara mbili. Fundi Waya hakuondoka.

Siku nne zilizofuata alizipitisha roho ikiwa mkononi. Akilini alimwona mama mkwe akiinama mbele ya spika, akisubiri sauti ya yule mdogo, na kinanda kikipanda na kushuka kama lifti. Halafu angenyanyua uso. Angeuliza swali, mara moja tu. Na zile Jumatano za mama mkwe na mdogo wake, zilijengwa juu ya nini? Alijaribu kusema umeme hautatosha. Alijaribu kusema deki ni ya zamani, ikishangazwa itakufa. Jumamosi, mkewe akiwa sokoni, alifanya jambo ambalo hakuwahi kulidhania: aliilaza deki chali juu ya blanketi, akafungua ile karatasi, akazirudisha zile skrubu mbili nyekundu mahali pake.

Jumapili Fundi Waya aliunganisha nyaya, akabonyeza. Kimya. Kioo kikaandika sifuri. Hakutafuta hata dakika moja. Aliinamisha deki, akachungulia.

"Nani amezirudisha hizi?"

Watu wakatazamana.

"Labda zimejirudisha," alisema mkalimani.

Fundi Waya alimtazama kwa muda. "Mashine ya namna hii," alisema mwishowe kwa heshima, "huwezi kujua." Akazifungua, safari hii akazitia mfukoni mwake.

Mama mkwe alisogeza kiti katikati ya spika mbili, akavua miwani kama alivyofanya kila aliposikiliza. Trei ikaingia. Kinanda kikaanza.

Kilijaza chumba. Kiligonga vioo vya madirisha na kuzitikisa bobini za uzi kwenye rafu. Kilikuwa kizuri kuliko mkalimani alivyokumbuka, na hakikuwa na neno hata moja. Alisimama karibu na mlango, mikono nyuma, akihesabu sekunde. Wimbo wa kwanza ukaisha, namba yake ikazimika. Wa pili ukaisha. Katikati ya wa tatu mama mkwe alinyanyua mkono.

"Zima."

Fundi Waya akazima.

"Mwanangu," mama mkwe alimwambia fundi, kwa upole, kama mwalimu anayerudisha daftari bovu. "Hizi spika zako zina kasoro."

"Bibi?"

"Sauti ipo. Tena kubwa. Lakini maana haitoki."

"Maana?"

"Wimbo wa pili huyu mdogo anaficha ufunguo. Umesikia ufunguo wowote?"

"Hapana, bibi, lakini hiki ni kinanda—"

"Hata mimi sikusikia," mke akaingilia. "Nilitega sikio kabisa. Nikadhani labda ni mimi."

"Si wewe," alisema mama yake. "Kwenye hedifoni maana inapita vizuri, miaka kumi na moja. Leo tumeweka nyaya za fundi, imekwama. Imekwama wapi?"

Fundi Waya alicheka. Aliona hakuna anayecheka naye, akaacha. Akachomoa nyaya, akazifuta kwa shati, akachomeka ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Wakasikiliza tena. Kinanda kilipanda, kikashuka.

"Sasa imekuwa mbaya zaidi," alisema mama mkwe. "Sasa hata wewe hujiamini."

Na kweli. Jasho jembamba lilikuwa limemtoka fundi kwenye paji la uso. Alikuwa ametengeneza redio za watu thelathini mtaani humo, hakuna aliyewahi kumrudishia kitu. Alipiga magoti nyuma ya amplifaya, akaanza kufungua mfuniko, akisema peke yake kwamba labda kuna kitu kinachuja. Mkalimani aliutambua uso ule. Aliwahi kuuona kizimbani mara chache, na kila mara ulimnyima usingizi: uso wa mtu anayesema kweli ambaye ameanza kuamini kwamba ana kosa.

Akapiga moyo konde.

"Mama," alisema. "Mwacheni. Spika hazina ubaya. Kinanda hakisemi kitu. Ni mimi."

Bisibisi ya fundi ikasimama.

"Wewe umefanya nini?" akauliza mama mkwe.

"Nimetunga. Wale dada, ufunguo, ngazi, vyote. Hakuna ngazi, Mama."

Mke wake alikaa chini polepole juu ya marobota ya sare. Mama mkwe alivaa miwani.

"Toka lini?"

"Toka siku ya kwanza."

"Wimbo wa tisa, sehemu ya nne. Kinasema nini?"

"Mama, nimekwambia..."

"Nimeuliza."

"Nimekasirika," alisema mkalimani, na sauti ikajibadilisha yenyewe, ikawa ya mkono wa kushoto, "sikumbuki ni kwa nini, lakini sitapoteza hasira nzuri kwa sababu ya usahaulifu."

"Wa kumi na moja, mwanzo."

"Nani ameacha taa inawaka ghorofani?"

"Wa nne, mwisho kabisa."

"Si mimi."

Mama mkwe alimgeukia Fundi Waya kana kwamba yeye ndiye baraza. "Umesikia? Miaka kumi na moja, hakuna neno lililohama. Mimi nimefundisha watoto, najua uongo. Uongo ukiuuliza leo umevaa suruali, kesho unakuja na gauni. Huyu hajabadilisha hata koma."

"Lakini anakiri mwenyewe, bibi," fundi alisema kwa sauti ya chini.

"Amechoka. Anafanya kazi sana." Akamwelekeza mkwewe kidole. "Keti. Vaa hedifoni. Fundi, chomoa nyaya zako. Weka sita."

Mkalimani aliketi. Hedifoni ilikuwa na joto la alasiri. Kwenye kioo iliwaka sita, na sekunde zikaanza kutembea. Na hapo ndipo alipoona mlango: kilichomtia hatiani ni kwamba hajabadilisha neno. Basi abadilishe. Ifike sehemu ya tatu, mikono ishuke, na yule mdogo aseme: "Sikuja kuomba radhi, nimekuja kuchukua ufunguo." Mara moja tu, na kila mtu atajua ni mikono ya nani imekuwa ikicheza. Fundi atakuwa huru. Kiapo kitakuwa kimelipwa.

Tarakimu ndogo ikawa mbili. Mama mkwe alikuwa ameinama, miwani mkononi, midomo yake ikitembea kidogo mbele ya maneno kama watoto wanavyofanya wakijua jibu. Tarakimu ikawa tatu. Mikono ikaanza kushuka.

Alifungua kinywa.

"Dada," alisema mkalimani, "nimekuja. Sina hoja. Nimechoka kuwa na haki peke yangu."

Mama mkwe alishusha pumzi. Mke alifuta jicho kwa pindo la sare ya mtoto wa watu. Kule pembeni Fundi Waya alikuwa amekaa sakafuni katikati ya nyaya zake, mabega yameanguka, na zilibaki sekunde kumi na mbili za wimbo. Mkalimani alizitazama zikipungua. Kumi. Nane. Kinanda kilikuwa kinazima noti zake za mwisho, moja moja.

"Na pia," alisema haraka, kwa sauti ya mkono wa kulia, "spika za fundi ni nzima, na amplifaya yake haina kasoro yoyote."

Namba sita ikazimika.

"Hapo," alisema mama mkwe, "umeongeza."

Mkalimani alivua hedifoni.

"Ndiyo, Mama," alisema. "Nimeongeza."

"Haimo."

"Haimo, Mama."

"Umeisema kwa kumwonea huruma jirani yako."

"Ndiyo."

"Mtu uliyekula kiapo!" Alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Miaka yote hii, na unakuja kuanguka uzeeni. Kwa ajili ya spika."

"Nisamehe, Mama."

Alikuwa amenyanyua uso kusema hivyo, na mkewe, aliyejua kusoma kila kikohozi chake, aliona kitu asichoweza kukitafsiri: mume wake alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeruhusiwa kuvua viatu. Katika yote aliyowahi kukisemea kinanda, sentensi ile ndiyo pekee iliyokuwa kweli tupu, na kwa hiyo moja alikuwa amekamatwa, amehukumiwa na kukemewa mbele ya mashahidi.

"Utarudia?"

"Sitarudia."

"Haya. Imekwisha." Mama mkwe akamgeukia fundi. "Na wewe, mwanangu, usijisikie vibaya. Kila fundi ana kifaa kimoja kinachomshinda."

Fundi Waya alifungua mdomo. Alimtazama mkalimani, akaitazama deki na uso wake wa alumini usioonyesha kitu, akaitazama bisibisi yake. Kuna mambo mawili matatu ya umeme aliyokuwa na hakika nayo, na angeweza kuyasema. Badala yake alianza kukunja nyaya, taratibu, kisha akaacha.

"Sasa huyo mkubwa," aliuliza, "alimpokea?"

"Hiyo ni saba," alisema mke, akimsogezea mto wa kukalia. "Kaa vizuri. Usiguse kitu."

Mkalimani akavaa hedifoni.